Feni Inayorudi Yenyewe

Jumapili, Uyole. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na mimi tangu nirudi kanisani sijavua hata koti.

Nina hofu. Naiandika hapa kwa sababu nikimwambia mama hatalala.

Mdogo wangu Tuntufye anachimba dhahabu Chunya. Hewa ya shimo lao inaletwa na feni, na feni inaendeshwa na kompyuta ndogo niliyoifunga mimi mwenyewe juu, kwenye banda la mabati lililojaa vumbi. Inapima hewa ya chini, ikichafuka inaongeza kasi ya feni.

Mwezi uliopita iliganda. Si yote. Ndani yake kuna prosesa nne, kama bongo nne zinazogawana kazi, na iliyoganda ni ile iliyokuwa ikisoma hewa. Zilizobaki ziliendelea kuzungusha feni polepole, na skrini ikashikilia jibu la mwisho: hewa safi. Vijana walipanda juu wameshika vichwa, wengine wanatapika.

Basi nikaingia kwenye mipangilio ya kernel, moyo wenyewe wa mfumo, nikamwasha mlinzi wa prosesa. Kazi yake ni kuangalia kama kila prosesa bado inaitika. Moja ikikwama sekunde ishirini, anauangusha mfumo mzima kwa makusudi. Feni inakosa amri na kusimama, king'ora kinalia. Halafu kompyuta inajiwasha upya na hewa inarudi baada ya dakika moja hivi. Niliwaambia wakisikia king'ora wapande wote. Siku ile nilijiona fundi kweli kweli.

Leo nimeichungulia kwa mtandao kutoka hapa nyumbani. Tangu asubuhi imejiwasha upya mara nne.

Nimempigia mwenye shimo, hapokei. Nimemwachia ujumbe. Tuntufye alipokea, alikuwa amepanda kula. Nikamuuliza kama huwa wanatoka kila king'ora kikilia. Akacheka.

"Mwanzo tulikuwa tunatoka, dada. Siku hizi tunakaa tu, feni si inarudi yenyewe? Tukipanda kila ikilia, tutachimba saa ngapi?"

Nikamsihi asishuke tena leo. Akasema nimsalimie mama, akakata.

Mimi ndiye niliyeifanya irudi yenyewe.

Nimelifungua lile faili la mipangilio. Kinachoamua ni mstari mmoja tu, kernel.panic = 10, maana yake mfumo ukianguka usubiri sekunde kumi kisha uamke. Nikiandika sifuri hautaamka. Feni itabaki imesimama mpaka mtu aende bandani kuuwasha kwa mkono, na hapo watalazimika kupanda.

Na wasipopanda? Wakikaa kule chini wakisubiri feni waliyoizoea?

Nimefuta kumi, nimeandika sifuri. Nikampigia Tuntufye nimweleze kabla sijahifadhi. Hapatikani. Ameshashuka.

Nikiwa bado nimeshika simu, mashine ikapotea kwenye skrini yangu. Mara ya tano. Nilisimama katikati ya sebule sijui niende wapi. Mama akauliza kutoka jikoni kuna nini, nikasema mtandao.

Ikarudi. Nikashusha pumzi, nikasema asante Mungu kwa sauti.

Nimerudisha kumi. Siwezi kubadilisha leo, wakiwa chini na hakuna aliyewaambia. Kesho napanda basi la kwanza la Chunya, nitasimama mdomoni mwa shimo kabla hajashuka hata mmoja.

Mpaka wakati huo na mimi nakaa tu, kama wao, nasubiri feni irudi.