Wageni wa Korongoni

Jumanne, 26 Novemba 2024

Leo nimesema neno mbele ya masjala nzima ya wizara, na silirudishi.

Mwenzetu Emiliana karudi kutoka semina ya Mauritius. Tangu asubuhi ni picha, picha, picha. Kuna mahali huko kisiwani ardhi ina rangi saba — nyekundu, njano, zambarau, kama khanga zimeanikwa. Watu wanatoka Ulaya kuja kuitazama. Wamezungushia uzio, hukanyagi, unasimama pembeni, unapiga picha, basi. Wote midomo wazi. Nikaiangalia ile simu vizuri. Nikamwambia, Emi, hili ni korongo la nyuma ya kwetu Kondoa.

Wakacheka mpaka bosi akatoka ofisini kwake kuuliza kulikoni. Emiliana akasema Kondoa mna alizeti na vumbi, Joha, acha hizo.

Haya. Nikawaambia sikukuu ya Uhuru, Jumatatu tarehe tisa, njooni mwone kwa macho yenu. Hata zambarau mtaiona. Mkikuta uongo, niiteni Joha Muongo mpaka nistaafu.

Kumi na wanne wamejiandikisha. Wanakodi basi la Coaster! Watarudi wizarani Mtumba wamenyamaza, wote kumi na wanne.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimempigia Baba. Shikamoo, marahaba, mvua zimeanza? Zimeanza. Nikamwambia wageni wa ofisini kwangu wanakuja kuliona korongo. Kauliza wangapi. Kisha kauliza mara mbili: kutoka wizarani kabisa? Nikasema kabisa. Basi akasema usiwe na wasiwasi, mwanangu, mtakuta mambo yako sawa.

Na mimi nilidhani atakataa! Nimecheza peke yangu jikoni.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimefika nyumbani. Nimekwenda moja kwa moja korongoni, hata chai sijanywa.

Kijani. Ee Mola wangu, kijani!

Baba kaitisha msaragambo, kazi ya pamoja. Kijiji kizima, siku tatu. Wamehamishia mashina mazima ya mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe, na mkonge kwenye kingo, na kule chini wameufunika ukuta wa zambarau wote. Rangi niliyoitambia kuliko zote.

Kosa ni langu. Nilisahau baba yangu ni nani. Mzee Hashimu, mwenyekiti wa kamati ya mazingira tangu niko shule ya msingi. Ujana wake umeishia kuchimba makinga maji, enzi zile ng'ombe wa huku walipohamishwa ili ardhi ipone. Kwetu ukisikia gari linatoka serikalini kuja kuona korongo, maana yake ni moja: wanakagua mmomonyoko, watauliza kwa nini hamjapanda majani. Nani aliwahi kuja kulisifia?

Kasimama pale, mikono ina tope, anafurahi kweli. Kasema nimekutoa aibu, mwanangu. Mabosi zako hawatapata la kusema.

Nikasema ahsante, Baba.

Jumapili, 8 Desemba

Nimemwambia.

Tulikuwa jikoni kwa Mama, tunakunywa uji. Nikamwonyesha Baba ile picha ya Mauritius kwenye simu. Kaitazama muda mrefu, kaisogeza karibu na macho. Kauliza hawa wanaosimama hapa wanatucheka? Nikamwambia hawacheki, Baba, wanashangaa uzuri. Kairudisha simu. Akasema korongo hili lilikula shamba la baba yake lote, kipande kwa kipande, naye anaangalia. Wewe unataka watu waje kupiga picha donda la mtu.

Katoka, uji kauacha.

Roho imeniuma. Mimi korongo nililijua ni mahali pa kuteleza na magunia, tukirudi Mama anatuchapa kwa nguo kuchafuka. Kumbe mwenzangu kila akipita pale anamkumbuka baba yake.

Mama kasema niache kulia kwenye uji wake, watu wenyewe kesho wanafika.

Niahirishe? Nimeandika ujumbe kwa Emiliana mara tatu, nimefuta mara tatu. Hapana. Waje. Nusu ya rangi bado inaonekana. Lakini sing'oi hata jani moja la Baba. Heri niitwe muongo.

Jumatatu, 9 Desemba. Saa tano asubuhi, ukingoni mwa korongo

Naandika nimekaa juu ya jiwe, maana hapa sina kazi tena!

Wameshuka kwenye Coaster saa nne. Emiliana mbele, miwani ya jua. Nikaanza: ile nyekundu, ile njano, ile pale nyeupe. Wakaguna kwa adabu. Mmoja akasema pazuri, ila majani mengi. Emiliana akanitazama kwa pembeni, tabasamu liko tayari. Nikajua nimekwisha.

Ndipo Baba akaja. Kavaa kanzu yake ya Idi, na koti juu. Tangu jana hatujasemeshana. Wote shikamoo mzee, marahaba, karibuni. Akapita katikati yao, akanyoosha fimbo, akaanza kusema. Hakuna aliyemwomba.

Kasema pale juu penye wekundu ndipo baba yake alipolima ulezi. Njano ilitokea mwaka wa sabini na tisa, mwaka ng'ombe walipoondoka. Mvua ilikatika, yeye Baba akaja kuangalia shamba, akaikuta njano. Nyeupe ilitoka tisini na moja. Wiki ile ile mke wake kajifungua huyu Joha. Akachota udongo ule ule kwa ndoo, akampelekea mama mtoto, wakasiriba kuta za chumba.

Nina miaka thelathini na tatu. Chumba kile nimelala mpaka naolewa. Sikuwahi kuambiwa!

Masjala yangu yote kimya. Simu ziko mikononi, wamesahau kupiga picha. Emiliana kavua miwani, kaja kuninong'oneza kwamba kule kisiwani walipewa tu karatasi ya kusoma. Nikamwambia unaona sasa. Nimeringa, ndiyo, na nitaringa mpaka Pasaka.

Halafu Emiliana kanyanyua mkono kama mwanafunzi. Kamuuliza, mzee, na ile zambarau aliyotuahidi Joha?

Baba kasema ipo. Ilitoka na mvua za El Niño, mwaka ule ukingo wa mwisho wa shamba ulipodondoka. Kayatazama mabingobingo yake. Kanitazama mimi. Kampa Emiliana fimbo amshikie.

Sasa hivi anateremka. Taratibu, kwa lile goti lake. Nimetaka kwenda kumshika mkono, Mama, aliye nyuma yangu, kanivuta khanga: kaa. Amefika chini. Ameinama kwenye shina la kwanza mbele ya ukuta wa zambarau, kalishika kwa mikono miwili. Anavuta.