Mchoro wa Maji Usiofika Mwezi wa Tatu

Mama Élisabeth, wewe unayejibu watu kwenye redio yetu ya Likasi, naomba unisaidie, maana nimejaribu kunyamaza na nimeshindwa.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Baba anapima maji kwenye bwawa la Mwadingusha na nyumbani anarudi mara chache, Jumapili, anafika baada ya misa, anakula nasi, kisha gari la kazi linapiga honi na anaondoka. Mwezi wa tatu, siku ya kipaimara changu, hakuja kabisa kwa sababu mvua ilikuwa nyingi na maji yalipanda, nami nikakasirika, nikakataa hata kumsalimia kwenye simu. Baadaye nilimwomba anisomee vipimo vyake vya mwaka mzima, tangu kiangazi cha Juni hadi mwezi wa tano uliofuata, pamoja na kanuni wanayotumia kujua ni maji kiasi gani yanapita kwenye mlango wa bwawa, akanisomea kwenye simu kidogo kidogo, bila kuchoka.

Kwenye kompyuta ya parokia tuna programu ambayo huandiki sana, unapanga vipande vya rangi kimoja ndani ya kingine, navyo vinafanya hesabu na kuchora. Kila alichonisomea Baba nilikifanya kipande: upana wa mlango, namba ya uvutano wa dunia na mzizi wake wa mraba, kimo cha maji, vyote ndani ya kipande kikubwa cha "rudia", kinachorudia hesabu kwa kila nukta. Inachora vizuri, lakini polepole mno, nukta baada ya nukta, na betri ya sola tunaigawana wanafunzi wote. Alipokuja mara ya mwisho, Baba alikaa nami kwenye benchi akitazama mstari ukitambaa, akacheka, "Shekina, maji yako iko na uvivu kupita ya kwetu." Mstari ulikuwa bado kwenye Desemba honi ilipolia. Akasimama, akasema, "Utanionyesha siku ingine, mama."

Mwalimu Arsène anasema nifute vipande vyote, niandike kanuni kwa mstari mmoja. Rolly, anayesubiri zamu nyuma yangu, ananiuliza kama nitaolewa navyo. Lakini nikivigusa nasikia sauti ya Baba akivitaja. Nataka tu aone mstari unapopanda mwezi wa tatu, ajue kwamba sasa naelewa alikuwa wapi. Anarudi Jumapili hii. Nifute, au niache?

Shekina, Kikula

Shekina mwanangu,

Barua ninazopata ni za wachumba na mashemeji, kwa hiyo yako niliisoma mara mbili. Nilifundisha hesabu kabla ya kushika maikrofoni, basi nisikilize.

Usifute. Lakini acha pia kuvililia vipande, maana kosa lako ni la kupanga, si la kupenda. Je, upana wa mlango unabadilika? Haubadiliki. Mzizi ule je? Ni uleule mwaka mzima. Nawe umevitia vyote ndani ya kipande cha "rudia", na mashine maskini inavizidisha upya kwa kila nukta, kama mama anayezima makaa na kuyawasha tena kwa kila andazi analokaanga. Vitoe nje. Vizidishe mara moja, kabla ya kurudia kuanza, jibu uliweke kwenye kisanduku, na kisanduku ukipe jina la Baba. Ndani kibaki kimo cha maji, ndicho kinachobadilika. Tena nawajua wanafunzi: bila shaka kanuni hiyohiyo umeiweka mara nyingine kuchagua rangi, na nyingine kuandika namba. Kwa kila siku ya vipimo, hesabu mara moja, hifadhi jibu, litumie kote. Mstari mmoja wa Mwalimu Arsène ni safi kusoma, lakini ukibaki ndani ya "rudia" vilevile utachelewa bado. Nakili kazi yako kwanza, ujaribu kwenye zamu yako Ijumaa, si mbele ya baba yako.

Sasa lililoniudhi. Unamkalisha baba yako kwenye benchi atazame kiangazi chote, kumbe unataka aone siku moja. Nani alikuambia mchoro lazima uanze mwezi wa sita? Anza na mwezi wa tatu. Mengine yatafuata betri ikiruhusu. Na mstari ukianza kupanda, usiiachie kompyuta ikusemee. Weka kidole kwenye skrini, umwambie, "Baba, ile siku ulikuwa hapa." Kisha mwache atazame.

Gari likipiga honi, acha lipige.