Koti Lililokalia Kiti cha Mwenzake

Mama, shikamoo. Mimi na kichanga hatujambo, ila baridi ya Toronto inauma masikio na usingizi nimeusahau. Jana wifi alinipeleka ukumbi wa kanisa hapa mtaani kwetu Parkdale, kwenye mkutano wa amani ya Waisraeli na Wapalestina. Nisikufiche, nilifuata joto na chai.

Mama mmoja wa Kipalestina alikuja kueleza jinsi walowezi wa Kiisraeli walivyojenga nyumba kwenye shamba la baba yake. Alipoinuka kuchukua chai, balozi mmoja mstaafu akatandaza koti na begi lake mpaka kwenye kiti cha yule mama. Mwenyekiti wa mkutano aliona. Akasema, "Tuna wasiwasi mkubwa. Pande zote zikae zizungumze."

"Nikae wapi?" mama akauliza, kikombe mkononi.

Wakaunda kamati, Mama! Ya koti! Balozi akadai limeshakaa pale muda, kulitoa kutaleta vurugu. Mtoto mgongoni akaanza kulia, uvumilivu ukaniishia. Nikasema kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, "Baba, toa koti kwanza, ndipo mzungumze."

Msemaji mmoja wa Kiisraeli, msichana wa rika langu, akacheka, akalinyanyua mwenyewe. Yule mama akaketi, akatusimulia mizeituni yao mpaka chai yake ikapoa.

Nawakumbuka mno. Nibusie Asha na Juma. Juma akikalia tena kigoda cha dada yake, usimwitie kikao. Mwinue.

Mwanao,
Saida