Uji Palipokuwa na Mlango

Wandegeya, Kampala
Machi 1976

Mjukuu wangu, mke mwenzangu Alal,

Goti linauma, uji unauzika, na wewe acha kunisumbua nije Kisumu.

Barabara yetu ya kando ya chuo inabomolewa, wanajenga mabweni ya wanafunzi. Msimamizi akaniambia, "Mama, hama." Nikamjibu, "Na mafundi wako watakula saruji?" Akacheka, mjinga yule. Nyumba imeanguka, lakini nawapikia uji pale pale palipokuwa na mlango wetu.

Kaka yako Ochan hajaonekana tangu wanajeshi wamchukue. Usimlilie; asiyezikwa haliliwi. Wakimwachia atakuja hapa, si Kisumu. Akikuta ghorofa la wageni, atamuuliza nani habari zetu?

Mpe Mbambu aliyekuletea barua hii sufuria kubwa. Mafundi wanaongezeka.

Bibi yako,
Akidi