Goti Lililogusa Nyasi

Arlington,
7 Januari 2006

Ndugu yangu Hemed,

Mkeo Mwanabaraka alimwambia mke wangu jana kwa simu kwamba familia moja ya Pearland imeleta posa ya binti yenu Lubna, na kwamba jibu bado hamjalitoa. Nimeitanguliza habari hii mbele ya salamu kwa kuwa ndiyo mpya kuliko zote. Sasa salamu. Sisi huku wazima, ila mafua ya vumbi la miti hayatuachi. Kikohozi chako kimepoa? Jumatano ile ya fainali ya vyuo ya mpira wa Kimarekani ulipiga kelele kuliko umri wako.

Naandika kwa kalamu kwa sababu tangu nitoke kwako Missouri City hushiki simu yangu. Sababu naijua. Kijana wetu namba kumi alipoingia kona ya uwanja na Texas ikawa mbele, sebule yako nzima ilisimama. Nami nikakukumbatia, nikasema kwa sauti ya kutangaza mpira: "Hemed, nipe Lubna awe mke wa mwanangu Swafwani!" Wageni walisikia. Wanawake jikoni walisikia. Wewe ukaenda kuongeza sauti ya televisheni.

Nilitangaza mpira redioni Mombasa nusu ya ujana wangu, na sikupata hata mara moja kutangaza bao kabla halijaingia.

Lakini mchezo ule sina wa kuuzungumza naye. Madereva wenzangu wa basi la uwanja wa ndege ni watu wa timu ya Dallas. Fainali ya vyuo kwao ni mchezo wa watoto. Kwa hiyo nakuambia wewe ninachokiona kila nikifumba macho. Tuko nyuma kwa pointi tano. Jaribio la nne, la mwisho, zinatakiwa yadi tano. Namba kumi anatafuta wa kumpasia, hamwoni. Habahatishi. Anakwenda kulia kwa hatua ndefu, kama mtu anayewahi rakaa ya mwisho: haraka, lakini bila kuvunja adabu. Anaingia hakuguswa.

Na jirani yako Nderitu, aliyeshabikia California ili kutuudhi tu, bado alikuwa analilia lile goti! Unakumbuka: kabla ya mapumziko namba kumi alimrushia mwenzake mpira, mwenzake akafunga. Ila goti la namba kumi lilikuwa limeshagusa nyasi, na kwa sheria mchezo hufia hapo. Waamuzi hawakutazama marudio, pointi zikahesabiwa. "Wazee, huu ni wizi! Goti ilikuwa chini!" Nawe ukamjibu, "Kunywa chai yako, Nderitu, itapoa."

Ninachoomba ni kimoja. Niambie kama mlango umefungwa.

Nduguyo,
Shuaib


Missouri City,
13 Januari 2006

Ndugu Shuaib,

Idi ilipita salama. Mbuzi tulimchinja wenyewe katika shamba moja nje ya mji, na kikohozi kilikwisha kwa mchuzi wake. Watu wote wa nyumba hii wanakusalimu, hata waliokununia.

Barua yako imefika. Wewe unasifu mbio. Mimi nasifu ukuta. Kabla ya mbio zako, California walitaka yadi mbili tu wamalize kazi. Wakampa mpira yule pandikizi wao. Vijana wetu hawakurudi nyuma hata unyayo, na pandikizi akalala kabla ya alama. Hapo ndipo kombe lilipokuja Texas. Bila ukuta ule, namba kumi wako angepewa mpira na nani?

Kuna na tukio jingine la kuchekesha usiku uleule. Yule nyota wao alikuwa amechomoka, mpira kifuani, mbele kweupe. Badala ya kuukumbatia akamtupia mwenzake ambaye hata hakuwa anautazamia. Ukaanguka, tukauokota sisi. Mwanabaraka akauliza kutoka jikoni, "Kwani nani amemwomba autupe?" Swali hilo nakuachia wewe.

Ama neno unalosema ulilisema, sebule ilikuwa na kelele. Mimi sikusikia posa. Posa ninayoijua hupita mlango wa mbele, imevaa kanzu, imemtanguliza mshenga. Wale wa Pearland walikuja hivyo, na barua, na haluwa. Nimewaahidi jibu mwisho wa mwezi.

Nduguyo,
Hemed


Arlington,
17 Januari 2006

Ndugu yangu Hemed,

Natumaini mu wazima. Sisi tuna afya, amani ndiyo haba. Swafwani hanijibu ila kwa yes na no. Anasema Lubna alimtaka aje kwa heshima, wakapanga yeye ahitimu kwanza chuo huko Austin, na mimi nimelitupa jambo lao katikati ya uwanja. Mamake amemwunga mkono.

Barua ya posa nimeiandika upya kama inavyotakiwa, haina mpira ndani yake. Shida ilikuwa mshenga. Wazee wetu wako Mombasa. Rika letu la Houston, wale tuliokaa nao mtaa wa Gulfton tulipofika, wote wana udugu na Mwanabaraka, hawawezi kunisemea. Nimempata mmoja aliyekubali. Atapiga hodi Jumapili tarehe 22, akitoka kanisani.

Ndiyo, umesoma sawasawa.

Nduguyo,
Shuaib


Arlington,
30 Januari 2006

Hemed,

Salamu kwa nyote. Mshenga wangu hashiki simu, na wewe hushiki. Mwezi unaisha kesho. Swafwani ameacha hata yes na no.

Shuaib


Missouri City,
1 Februari 2006

Kwa Shuaib,

Baada ya kukujulia hali, nakuarifu kwamba sisi wazima, na mshenga wako mzima pia. Nilimkataza asikwambie neno mpaka niandike. Jibu la posa halitangulizwi na simu.

Alikuja kama ulivyosema. Nderitu! Amevaa kanzu ya kuazima, imemwishia kwenye muundi, na kofia imekaa kichwani kama kifuniko cha chupa. Mwanabaraka alikimbilia chumbani kucheka.

"Mzee Hemed," akasema, "nimetumwa. Kwetu tunaanzia kwa mbuzi."

"Nderitu, mbuzi tulimmaliza Idi."

"Hakuna shida, hiyo tuta-negotiate." Akatoa keki aliyoipika mkewe Lydiah, ya rangi ya timu yetu, imeandikwa juu ushindi wetu, 41–38. Mshabiki wa California! Kisha akanipa barua yako kwa mikono miwili. Kwa hapo sikumwona dosari.

Niliisoma mara moja. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyepiga kelele kuliko wote, kwa hiyo wewe ndiye shahidi. Usiku ule, Shuaib alipotamka, goti lilikuwa juu au chini?"

"Chini kabisa, mzee. Mimi siwezi kudanganya na hii kanzu." Akakata keki. "Lakini ile ingine ya namba kumi pia ilikuwa chini. Na kombe liko wapi saa hii?"

Nikamwita Lubna, nikamuuliza mbele ya mamake, maana hili si langu peke yangu. Akasema, "Baba, mimi nilishamwambia Swafwani yes kabla ya half-time. Mlikuwa mnabishana goti." Kumbe tulikuwa tunalinda goli ambalo mwenyewe ameshalifungua.

Jana nilikwenda Pearland mwenyewe, nikawajibu ana kwa ana. Ni waungwana, walinikaribisha chai. Hawakufanya kosa lolote, na niliwaambia hivyo.

Posa yako imekubaliwa. Marudio sitazami. Mwambie Swafwani hivyo kwa mdomo wako, lakini kwa sauti ya chini.

Njoo na mkeo na kijana Jumamosi tarehe 4 Machi, tupange mahari. Nimeirekodi kanda ya mchezo, na Nderitu ameomba nafasi ya kusimamisha picha pale kwenye goti. Nikaha ni Jumamosi, tarehe 27 Mei, kijana akishahitimu, baada ya Alasiri.

Mkweo,
Hemed