Amina Niliyoisema Ruiru

Mpendwa Kamau,

U mzima huko ughaibuni? Sisi hapa Kiganjo tuko salama. Guka, babu yako, amepona mguu, sasa ameanza tena kutusumbua.

Unaniuliza kama ni dhambi kukaa kimya kanisani kwenu wenyeji wakiombea jeshi lao lishinde vita. Nikiwa msichana, mhubiri mgeni kutoka ng'ambo alikuja kanisani kwetu Ruiru, akatuambia tusimame tuombe jeshi la kwao liwamalize maadui. Tulisimama wote. Mama yangu tu ndiye aliyebaki ameketi.

"Mama, simama, watu wanatuangalia," nikamnong'oneza.

"Wambui, hao maadui pia wana mama zao. Nitamwambiaje Mungu awaue watoto wao?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema amina kwa sauti, watu wajue mimi si kama yeye. Tulipotoka akaniita nimngoje, nikajifanya sisikii. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, hakunikemea.

Siwezi kukuamulia, mjukuu wangu. Mama alishazikwa, na sikuwahi kumwomba msamaha. Lakini ile amina ndiyo inayonitia aibu zaidi, maana mpaka leo sijui niliwaombea kifo watoto wa nani.

Ni mimi cucu wako,
Wambui