Onyo la Barafu

Makorora, Tanga
12 Mei 2024

Kaka Sabiri,

Shikamoo. Huku hatujambo. Binti yangu Samiha amefaulu mtihani, na mvua imeangusha ukuta wa uani.

Kaka, mwaka umepita tangu mama afariki, na bado unamwambia kila mgeni kwamba uliyakosa maziko kwa sababu ya "mtabiri mmoja mwoga" aliyeizuia ndege yenu Arusha. Mtabiri huyo wa hali ya hewa ni mimi.

Mama alipokata roho alfajiri nilikuwa zamuni, uwanja wa ndege wa hapa Tanga. Rubani wa ndege ya kwanza kutoka huko alitua, akaja moja kwa moja ofisini kwangu. "Mabawa yameshika barafu juu ya Usambara," aliniambia. "Nusura tuanguke." Nimeichunguza barafu ya mawinguni miaka kumi na tisa, nilijua mawingu yale hayataondoka kabla ya jioni. Nilijua pia kwamba wewe umo katika ndege ya pili, na mama anazikwa alasiri. Niliandika onyo, nikatia saini, nikaenda kumwosha mama.

Nimenyamaza kwa kuogopa hasira zako. Kasirika, kaka, lakini ningeandika tena vile vile. Siku ile nisingeweza kuzika wawili.

Mdogo wako,
Saleha